Kipimo Kinapogombana na Mbingu

Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho wakulima wa Afrika Mashariki walikitazama ili kujua majira ya kulima, kiko umbali wa miaka ya nuru 444 hivi. Namba hiyo iligombaniwa kwa miaka mingi. Hipparcos, satelaiti ya Ulaya iliyorushwa mwaka 1989 kwa kazi moja tu ya kupima mahali nyota zilipo, ilitoa umbali usiofika miaka ya nuru 400. Waliopima kwa njia nyingine walipata zaidi ya 430. Kama Hipparcos ingekuwa sahihi, nyota za Kilimia zingekuwa hafifu kuliko fizikia inavyoruhusu nyota changa kuwa, na maelezo ya jinsi nyota zinavyowaka yangehitaji kuandikwa upya. Mwaka 2014 darubini za redio zilizounganishwa kuvuka bahari ya Atlantiki zilitoa hiyo 444, na baadaye satelaiti Gaia ikakubaliana nazo. Fizikia ya nyota ilisalimika. Kilichokosea ni kipimo.

Ugomvi wa Kilimia ni mfano mdogo wa ugomvi mkubwa. Karibu kila linalodaiwa kuhusu umri, ukubwa na mwenendo wa ulimwengu linapitia kwenye umbali, na umbali hauonekani. Kinachoonekana ni nukta ya mwanga. Nadharia ikisema moja na kipimo kikasema jingine, hakuna alama juu ya nukta hiyo inayoonyesha nani mkosaji.

Nadharia inayojaribiwa huitwa kielelezo sanifu cha kosmolojia. Inasema ulimwengu umekuwa ukitanuka kwa miaka bilioni 13.8, kwamba mata ya kawaida, yaani nyota, gesi, milima na watu, ni asilimia 5 hivi ya vyote vilivyomo, asilimia 27 ni mata ya giza, inayovuta kwa uzito wake lakini haitoi mwanga, na asilimia 68 iliyobaki ni nishati ya giza, inayousukuma utanukaji uende kasi zaidi. Madai hayo ni mazito kuyakubali kwa kuangalia nukta za mwanga. Uzuri wake ni kwamba yanaweza kukamatwa yakikosea. Mwanga wa galaksi ukipitishwa kwenye spektrografu, mistari yake huonekana imesogea upande wa wekundu, na kiasi cha msogeo huo kinaonyesha ulimwengu umetanuka mara ngapi tangu mwanga ulipotoka. Kusoma msogeo ni kazi rahisi. Kielelezo sanifu kinataja, kwa kila msogeo, umbali unaolingana nao. Basi apatikane mtu wa kuupima umbali wenyewe bila kuitegemea nadharia, kisha namba mbili ziwekwe pamoja. Ugumu wote uko kwenye sentensi hiyo moja.

Kipago cha kwanza cha ngazi ya umbali ni paralaksi. Mtu akinyoosha kidole mbele ya uso na kukitazama kwa jicho moja kisha jingine, kidole kinaonekana kuruka dhidi ya ukuta. Dunia inapozunguka jua, nyota za karibu huruka hivyo hivyo dhidi ya zile za mbali, ila kwa kiasi kidogo mno. Friedrich Bessel alikuwa wa kwanza kutangaza kipimo cha kuaminika, mwaka 1838, kwa nyota 61 Cygni katika kundinyota la Dajaja: karibu theluthi ya sekunde ya tao, na sekunde hizo 3,600 ndizo zinazofanya nyuzi moja. Nyota hiyo iko miaka ya nuru 11.4 tu kutoka hapa. Kosa la Hipparcos kwa Kilimia lilikuwa dogo zaidi kwa mbali, kama sehemu moja ya elfu ya sekunde ya tao, sawa na upana wa kidole gumba kilichosimamishwa Muscat kikitazamwa kutoka Dar es Salaam.

Gaia, iliyorushwa Desemba 2013, ilipima kwa ustadi mkubwa zaidi, na namna ilivyokaguliwa inafaa kuelezwa. Kwaza, yaani viini angavu vya galaksi, ziko mbali kiasi kwamba paralaksi yake haina budi kuwa sifuri. Zilipopimwa na Gaia, wastani haukutoka sifuri. Ulitoka pungufu ya sifuri, kwa takribani sehemu tatu za laki moja za sekunde ya tao katika matokeo ya mwaka 2018. Mizani tupu haikurudi kwenye sifuri yake. Mchuuzi mwenye mizani kama hiyo ana hiari ya kuitupa au kujua imepinda kiasi gani na kupunguza kiasi hicho kila anapopima. Wanaastronomia walichagua la pili, na mabishano juu ya kiasi cha kupunguza yanaingia hadi leo katika namba ya utanukaji wa ulimwengu mzima.

Zaidi ya paralaksi inahitajika taa ambayo nguvu yake inajulikana. Taa ikisogezwa mbali mara mbili, mwanga unaofika kwa mtazamaji unakuwa robo. Kwa hiyo anayejua nguvu ya taa na kuona ufifi wake anajua iko wapi. Taa ya kwanza ya kutegemewa ilipatikana na Henrietta Swan Leavitt wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyekuwa akichunguza picha za Wingu Dogo la Magellan zilizopigwa Arequipa, Peru. Nyota za aina ya Sefeidi huvimba na kunywea kwa mpigo usiobadilika, kwa sababu tabaka la gesi ya heli ndani yake huziba joto kama kifuniko cha sufuria hadi lisukumwe juu, joto litoke, na kifuniko kirudi. Mwaka 1912 Leavitt alionyesha, kwa Sefeidi 25, kwamba zenye mpigo wa polepole ndizo zenye mwanga mkubwa. Kwa kuwa zote zilikuwa kwenye wingu moja, yaani umbali ule ule, uhusiano huo haukuwa udanganyifu wa karibu na mbali. Kuanzia hapo, kuhesabu siku za mpigo kukawa ni kujua nguvu ya taa.

Mwaka 1923 Edwin Hubble, akitumia darubini ya Mount Wilson huko California, aliona Sefeidi katika Andromeda na kuiweka umbali wa miaka ya nuru kama laki tisa. Ilitosha kuthibitisha kuwa Andromeda ni galaksi nyingine, nje kabisa ya Njia Nyeupe. Mwaka 1929 aliweka pamoja umbali wa galaksi na misogeo ya mwanga wake, mingi ikiwa imepimwa na Vesto Slipher huko Arizona, akapata kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyokimbia. Georges Lemaître, kasisi wa Ubelgiji, alikuwa ameifikia hoja hiyo miaka miwili kabla. Mwendo wa utanukaji ulitoka kilomita 500 kwa sekunde kwa kila megaparseki, na megaparseki moja ni miaka ya nuru milioni 3.26.

Namba hiyo ilikuwa balaa. Ukiurudisha nyuma mwendo huo, ulimwengu unapata umri wa miaka bilioni 2, ilhali wapimaji wa madini yenye mnururisho walikuwa wakikaribia kusema dunia peke yake ina umri mkubwa kuliko huo. Mtoto hawezi kumzidi mama umri. Kilichofuata kinafundisha zaidi kuliko hesabu yenyewe, kwa sababu watu wenye akili nyingi walikwenda kuirekebisha nadharia. Lemaître aliitumia namba ya ziada ya Einstein, ile thabiti ya kosmolojia ambayo mwenyewe alikuwa ameiacha, ili kuurefusha umri. Mwaka 1948 Hermann Bondi, Thomas Gold na Fred Hoyle walileta ulimwengu usio na mwanzo, ambamo mata mpya huzaliwa kidogo kidogo, na swali la umri likafutwa lote. Nadharia zote mbili zilikuwa zinatibu ugonjwa usiokuwepo.

Ugonjwa ulikuwa kwenye Sefeidi. Walter Baade, Mjerumani aliyebaki Mount Wilson wakati wa Vita Kuu ya Pili wenzake walipokwenda kwenye kazi za jeshi, alilitumia giza la Los Angeles iliyozimwa taa kuzitenganisha nyota za kiini cha Andromeda, na kuona kwamba nyota zina jamii mbili. Sefeidi nazo zina jamii mbili, moja yenye mwanga mkali kuliko nyingine kwa mpigo ule ule, na Hubble alikuwa amezipima za jamii moja kwa hesabu ya nyingine. Baade alipotangaza hayo mjini Roma mwaka 1952, David Thackeray wa kituo cha Radcliffe, Pretoria, alisimama na ushahidi wake kutoka mawingu ya Magellan uliosema jambo lile lile. Umbali wa galaksi ukaongezeka maradufu, na umri wa ulimwengu ukaongezeka nao. Mwaka 1958 Allan Sandage alishusha mwendo hadi karibu 75, baada ya kugundua pia kwamba baadhi ya vitu ambavyo Hubble aliviita nyota angavu vilikuwa mawingu ya gesi.

Kwa miaka mingi iliyofuata wapimaji waligawanyika, Sandage akishikilia namba iliyo karibu na 50 na Gérard de Vaucouleurs iliyo karibu na 100, na kila upande ukiwa na hakika ambayo data zake hazikuistahili. Darubini ya anga ya Hubble ndiyo iliyowaweka katikati: kundi la Wendy Freedman lilitoa 72 mwaka 2001, likikiri kosa la kufika 8 juu au chini. Lakini kabla ya hapo ugomvi wa umri ulikuwa umerudi. Mwendo wa karibu 80 katika ulimwengu uliojaa mata peke yake ulitoa umri wa miaka bilioni 8 au 9, na vifungu vikongwe vya nyota vilikuwa vikikadiriwa kuwa na bilioni 15. Aliyekumbuka Baade angesema: kipimo kimekosea tena. Safari hii angekuwa sahihi kwa nusu. Paralaksi za Hipparcos, satelaiti ile ile iliyokosea kwa Kilimia, ziliwasogeza vikongwe mbali kidogo, wakaonekana na mwanga zaidi, na umri wao ukashuka kuelekea bilioni 12. Nusu ya pili ilikuwa kosa la nadharia.

Kosa hilo lilifichuliwa na supanova za aina ya Ia. Nyota kibete nyeupe, mabaki ya nyota iliyokwisha mafuta, ikinyonya gesi ya jirani au ikigongana na mwenzake inaweza kulipuka kwa mwanga unaoshindana na galaksi nzima. Milipuko hiyo hailingani kabisa, ila mwaka 1993 Mark Phillips alionyesha kwamba inayofifia polepole ndiyo yenye nguvu zaidi, na kwa kuangalia kasi ya kufifia taa inaweza kusawazishwa. Makundi mawili, moja la Saul Perlmutter na jingine la Brian Schmidt na Adam Riess, yalikwenda kupima jinsi utanukaji unavyopungua kasi, jambo lililoonekana la lazima kwa kuwa mata huvutana. Mwaka 1998 yote mawili yalitangaza kuwa supanova za mbali ni hafifu kupita kiasi: umbali wake ulizidi kwa asilimia 10 hadi 15 ule ambao ungetarajiwa katika ulimwengu wenye mata kidogo na usio na cha kuusukuma. Utanukaji ulikuwa unaongeza kasi. Namba ya Einstein iliyotumiwa na Lemaître kwa sababu isiyo sahihi ilirudi kwa sababu iliyo sahihi.

Shaka ya kwanza, na ilistahili kuwa ya kwanza, ilikuwa vumbi. Vumbi la kijivu kati ya galaksi lingezififisha supanova bila kubadili rangi yake, na umbali wote ungekuwa uongo. Jibu lilikuja kutoka mbali zaidi. Kama ni vumbi, kadiri unavyokwenda mbali ndivyo linavyozidi kuziba. Kama ni nishati ya giza, zama za kale mata ilikuwa imesongamana na mvuto wake ukatawala, kwa hiyo supanova za kale sana zinapaswa kuonekana angavu kuliko vumbi linavyoruhusu. Supanova iliyochunguzwa mwaka 2001, ya msogeo wa karibu 1.7, ilikuwa angavu. Nyingine zikafuata.

Kuna ukaguzi mwingine wa aina hiyo, haujulikani sana nje ya wataalamu, ingawa ni mzuri kuliko mingi inayosifiwa. Mwaka 1933 Ivor Etherington alithibitisha kwamba umbali unaopatikana kwa ufifi wa taa na ule unaopatikana kwa udogo wa umbo lake lazima viwe na uwiano maalumu, unaotegemea msogeo peke yake. Uwiano huo haujali kama kuna nishati ya giza wala ulimwengu una umri gani. Unadai tu kwamba mwanga husafiri katika anga-wakati kama Einstein alivyoeleza na kwamba chembe za nuru hazipotei njiani. Ukivunjika, hakuna haja ya kugusa utanukaji. Kitu fulani kinakula mwanga. Kwa hiyo unaweza kukijaribu kipimo kabla ya kukitumia kuijaribu nadharia. Umbali kwa umbo ulipimwa, miongoni mwa njia nyingine, kwa gesi ya moto iliyojaa katika vifungu vya galaksi, inayong'aa kwa eksirei. Satelaiti iliyodhihirisha kuwa eksirei hizo zimetapakaa katika vifungu hivyo ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, na ikaitwa Uhuru. Hadi sasa uwiano wa Etherington umesimama ndani ya mipaka ya makosa ya vipimo.

Ngazi hii yote inapanda kutoka nyumbani kwenda mbali. Kuna kipimo kingine kinachoanzia upande wa pili. Katika miaka 380,000 ya kwanza ulimwengu ulikuwa mchanganyiko wa moto wa chembe na nuru, na mawimbi ya sauti yalisafiri ndani yake. Ulipopoa na nuru ikaachiwa, mawimbi yalikwama pale yalipofika. Safari yake, ikihesabiwa pamoja na utanukaji uliofuata, ni takribani miaka ya nuru milioni 490, na alama yake iko katika mnururisho wa mikrowevu unaofika kutoka pande zote: madoa ambayo kipimo chake angani ni zaidi kidogo ya nusu nyuzi, kuzidi kidogo upana wa mwezi mpevu. Satelaiti ya Planck ilipima pembe hiyo kwa usahihi wa sehemu tatu za elfu kumi. Kutokana nayo, kielelezo sanifu kinatabiri kuwa utanukaji wa leo ni 67.4, kosa likiwa nusu tu.

Kundi la Riess, kwa ngazi ya Gaia, Sefeidi na supanova, lilipata mwaka 2022 kuwa ni 73.04, kosa likiwa 1.04. Tofauti inaonekana ndogo kwa mtu aliyezoea ugomvi wa 50 na 100. Lakini Sandage na de Vaucouleurs hawakuwa na makosa madogo kama haya. Mgongano wa sasa, kama makosa yametajwa kwa haki, ungetokea kwa bahati chini ya mara moja katika milioni. Neno muhimu ni lile la katikati, kama makosa yametajwa kwa haki. Planck haikupima mwendo wa leo. Ilipima pembe ya kale na kuacha nadharia ifike hadi leo. Riess alipima leo, kwa vipago vitatu vinavyorithishana makosa.

Watetezi wa kila upande wana hoja zenye uzito usiolingana. Ilidhaniwa kuwa Sefeidi za galaksi za mbali zinachanganyika na mwanga wa majirani zake na kuonekana angavu kuliko zilivyo. Darubini ya James Webb, yenye jicho kali zaidi, ilizitenganisha, na dhana hiyo imekufa. Hata hivyo Freedman, anayetumia pia majitu mekundu ambayo mwanga wake hufikia kikomo maalumu kabla heli haijawaka ndani yake, amekuwa akipata namba iliyo karibu na 70, isiyogombana kwa nguvu na upande wowote. Wananadharia nao wamependekeza nishati ya ziada katika ujana wa ulimwengu, ambayo ingefupisha safari ya mawimbi ya sauti na kupandisha utabiri. Inafanya kazi kwa kurekebishwa sehemu nyingi, na historia ya mwaka 1948 haiitetei.

Safari hiyo ya mawimbi ya sauti ni rula, na rula hiyo ina alama nyingine pia. Mahali mawimbi yalipokwama gesi ilizidi kidogo, na galaksi zilizaliwa nyingi zaidi kwa umbali huo kutoka kwa nyingine. Jambo hilo lilionekana mara ya kwanza mwaka 2005 katika ramani mbili kubwa za galaksi. DESI, chombo chenye nyuzi za kioo 5,000 kwenye darubini ya Kitt Peak, Arizona, kimeipima rula hiyo katika zama mbalimbali za ulimwengu. Matokeo ya Machi 2025, ya galaksi na kwaza zaidi ya milioni 14, yakiunganishwa na Planck na supanova, yanaelekea kwenye nishati ya giza inayodhoofika kadiri muda unavyokwenda. Kielelezo sanifu kinadai nishati hiyo haibadiliki, hivyo mwelekeo huo ukithibitika utakuwa umekivunja. Nguvu ya ushahidi katika matokeo hayo ilikuwa kati ya sigma 2.8 na 4.2 (sigma ni kipimo cha jinsi matokeo yalivyo mbali na bahati tupu), kutegemea ni mkusanyiko gani wa supanova umetumika, na desturi ya fizikia inataka 5. Kwamba hukumu inabadilika kwa kubadili mkusanyiko wa supanova ni dalili inayoelekeza macho kwenye taa kabla ya kuelekeza kwenye nishati ya giza. Supanova za karibu zilikusanywa kwa darubini tofauti, kwa vichujio tofauti, na kuziweka kwenye mizani moja na za mbali ni kazi ambayo kosa la asilimia mbili tatu linatosha kuigeuza.

Kuna njia moja isiyotumia ngazi wala sauti ya kale. Nyota mbili za nyutroni zinapozungukana na kugongana, mawimbi ya uvutano yanayotoka yanataja nguvu yake yenyewe kupitia jinsi mzunguko unavyokazana, bila kusawazishwa na taa yoyote, kama Bernard Schutz alivyoonyesha mwaka 1986. Tarehe 17 Agosti 2017 vituo vya kunasa mawimbi hayo, LIGO na Virgo, vilisikia mgongano wa namna hiyo, na darubini zikauona mwanga wake katika galaksi NGC 4993, miaka ya nuru kama milioni 130 kutoka hapa. Mwendo wa utanukaji ulitoka 70, na mipaka ya kosa ilianzia 62 hadi 82, kiasi cha kuwakaribisha Planck na Riess wote wawili. Ili kuwatenganisha ingehitajika makumi ya migongano ya namna hiyo, yenye mwanga wa kuonyesha galaksi ilikotokea. Mgongano wa pili wa nyota za nyutroni ulisikika Aprili 2019. Darubini zilitafuta sehemu kubwa ya anga, na mwanga wake haukupatikana.